Ngazi Niliyomchorea Bi Mkubwa

Kosa ni langu. Simsingizii fundi wala shetani. Jina nalificha kwa aibu, lakini watu wa Kariakoo wakisoma haya watanitambua, na wanitambue!

Shule niliikimbia mapema. Nikazurura Tanga, Mombasa, Unguja, na kila mji nilichungulia nyumba za watu: mlango uko wapi, ngazi inapinda wapi. Basi mume wa dada yangu, Mwarabu mwenye duka la nguo karibu na Msimbazi, alipotaka kujenga ghorofa, duka chini na familia juu, alinipa mimi kazi ya kupanga vyumba. Jamani, nilivimba kichwa!

Mama yake, Bi Mkubwa, alikuwa na tende, mguu mmoja umevimba kama gunia. Ulimi wake nao mkali. Aliniita "mtoro" mbele ya mafundi.

Siku niliyochora vyumba mchangani kwa kijiti, alikuja akijikokota.

"We mtoro, ngazi iwe pana, na vidato viwe vifupi. Mguu huu unauona?"

"Nauona, Bi Mkubwa. Nani asiyeuona?"

Mafundi wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Nikamwambia shemeji kwamba ngazi pana italila duka lake. Akaniamini. Nikaibana katikati ya kuta mbili, apite mtu mmoja tu, kidato kikufikie karibu na goti. Nilijua ninalofanya. Ee Mungu, nilijua!

Siku ya kuhamia, Bi Mkubwa alipanda kwa makalio, kinyumenyume, akinitukana kila kidato. Hakushuka tena. Harusi za mtaani akawa anazisikilizia dirishani.

Kisha mdogo wake akafa, huko mtaa wa Gerezani. Shemeji na dada wakatangulia msibani, wakaahidi kuleta vijana wa kumbeba mama. Mimi nikaachiwa duka.

Bi Mkubwa hakuweza kungoja. Akaita kutoka juu: "Mwanangu, nishushe. Nimwone uso kabla hawajamfunika."

Mwanangu! Hakuwahi kuniita hivyo.

Nami nikamjibu, "Mtoro hajui kubeba watu."

Akaanza kushuka peke yake. Katikati mguu ukakwama ukutani. Akawa analia, anamwita mdogo wake kwa jina. Na mimi? Nilikuwa chini, nampimia mteja kitambaa!

Vijana walipokuja na kumkwamua, huko Gerezani maiti ilikuwa imekwisha kutoka kwenda kuzikwa.

Hanitukani tena. Afadhali angenitukana! Kila nikiingia dukani, sauti ya bibi kizee inashuka ile ngazi: "Shikamoo, bwana fundi." Wateja wananitazama. Nikinyamaza, anarudia.

Nyinyi mnaojenga, kabla ya kuchora ngazi, mtafuteni mwenye mguu mbaya kuliko wote nyumbani, mumpimie yeye, hata kama ndiye anayewatukana.

Nimemwomba shemeji niivunje, nijenge nyingine kwa mikono yangu. Mama yake amekataa.

"Iacheni hivyo hivyo," alisema. "Nitashuka mara moja tu, na atanibeba huyo bwana fundi."