Muhuri Juu ya Alama ya Roboti

Kiwanda cha korosho cha upande wa Lisekese, nje kidogo ya Masasi mjini, kilinunua roboti iliyokwisha kutumika. Ulikuwa mkono mmoja wa chuma wenye viungo sita, na huko ulikotoka ulikuwa ukipanga maboksi ya biskuti. Mimi niliajiriwa kuufundisha kupanga maboksi ya korosho. Meneja aliniambia mara tatu kwamba tofauti ni ndogo.

Kuifundisha roboti si jambo la kuogopa. Unaiambia: nenda hapa, inama, shika boksi, geuka, liweke pale. Inatii. Shida yote iko kwenye hilo neno "pale". Maboksi yalipangwa juu ya jukwaa la mbao liitwalo paleti, na vijana wa kupakia hawakuwahi kulisukuma likakaa mahali pa jana. Paleti ikisogea kiganja kimoja tu, roboti inaachia boksi hewani, kwa utii uleule.

"Jamani, huyu mlevi anatafuta kitanda chake," kijana mmoja alisema boksi la tatu lilipopasuka.

Kwa hiyo nikaifungia kamera, na kwenye kona ya kila paleti nikabandika alama, yaani karatasi yenye miraba myeusi na myeupe. Kamera inaitazama alama, inapima paleti imesogea kiasi gani na imepinda kiasi gani, kisha roboti inausogeza mwendo wake wote kwa kiasi hichohicho. Basi, hakuna uchawi zaidi ya huo.

Wa kwanza kuelewa alikuwa mama wa meza ya maboksi, mwenyeji wa Makote kule Newala. Nilimkuta asubuhi moja ameinama juu ya alama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii inasomwaje nayo haina maandishi?"

"Inahesabiwa, mama. Mweusi, mweusi, mweupe, mweusi."

"Kumbe mkeka!" alisema. "Ukikosea ukili mmoja, ua linakuwa jingine."

Mimi jambo hilo lilinichukua mwaka mzima chuoni.

Mama huyu alikuwa kibarua wa misimu mingi, wa kuitwa korosho zikiingia na kusahauliwa zikiisha. Meneja alikuwa amemwahidi kwamba roboti ikifanya kazi vizuri siku ya uzinduzi, atapewa mkataba wa kudumu awe msimamizi wake. Ikishindwa, roboti itarudishwa Dar es Salaam, na yeye atarudi kwenye kibarua.

"Basi mfundishe vizuri huyo mwenzangu," aliniambia.

Nikamfundisha. Ilipofika siku ya kuamkia uzinduzi, tuliweza kuipindisha paleti tupendavyo, na roboti ikaifuata bila kukosea.

Asubuhi ya uzinduzi nikakuta alama zote zinang'aa ndani ya plastiki.

"Nimezipiga laminesheni," meneja alisema kwa furaha. "Mgeni rasmi aje aone karatasi tupu? Na nimezigonga muhuri."

Kweli, katikati ya kila alama palikuwa na duara la zambarau, limekaa sawasawa kabisa. Huwezi kusema alifanya haraka.

"Bosi, kamera haihitaji muhuri."

"Sasa itajuaje kwamba ni zetu?"

Nimeulizwa maswali mengi magumu kuhusu roboti. Hilo ndilo gumu kuliko yote.

Nikawasha. Mwanga wa taa za dari ulikuwa umelala juu ya plastiki, kwa hiyo kamera iliona nusu ya miraba myeusi kuwa myeupe. Iliyobaki ilimezwa na muhuri. Na mimi, kwa kujali usalama, nilikuwa nimeipa roboti agizo: usipoona alama, usisogee.

"Mabibi na mabwana, roboti!" akatangaza mshereheshaji.

Roboti ikatulia. Watu wakapiga makofi, wakidhani imeanza. Ikaendelea kutulia. Wakapiga tena, safari hii kwa adabu tu.

Nikavamia kompyuta. Nikapunguza mwanga wa kamera, nikauongeza, nikabadili hesabu ambazo hazikuwa na kosa lolote. Kuchapa alama mpya hakukuwezekana, maana wino wote ulikuwa umeishia kwenye ratiba ya sherehe. Mama akanisogelea.

"Shida nini, mwanangu?"

"Zinang'aa, mama. Na huo muhuri."

"Hilo tu?"

Akakata ubavu wa boksi kwa kisu chake, akalaza alama ya meneja juu yake na kuchora ukingo. Kisha akapiga mistari kwa rula, akachukua mkaa kwenye jiko la chai na kuanza kujaza miraba, akihesabu kwa Kimakonde kama anayesuka.

Wakati huo mgeni rasmi aliombwa asalimie kidogo. Akasalimia kwa muda mrefu sana. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumshukuru Mungu kwa hotuba ndefu.

"Asiguse mtu!" mama aliwaambia vijana akikibandika kipande chake cha boksi kwenye paleti. Kisha akaipiga teke paleti, ikakaa upande.

Roboti ikatazama. Ikapinda kidogo, ikashuka, ikaliweka boksi kwenye kona, sawasawa. Kisha la pili. Yule kijana aliyeiita mlevi akapiga mluzi.

"Na hii ya mkaa ni teknolojia gani?" mgeni rasmi aliuliza.

"Ni ubunifu wetu wa ndani, mheshimiwa," meneja alijibu bila kupepesa macho.

Wiki iliyofuata mama aliitwa ofisini, akaniomba niwe shahidi. Mkataba ulikuwa mezani, wa kudumu kweli, una mihuri mitatu. Ulikuwa umepigwa laminesheni pande zote mbili, na nafasi ya sahihi yake ilikuwa tupu chini ya plastiki.

Akajaribu kuandika. Kalamu ikateleza. Meneja akakohoa, akasema labda utachapwa mwingine mwezi ujao, wino ukiletwa.

Mama akatoa kile kisu cha kukatia maboksi, akapasua plastiki juu ya ile nafasi, akafungua kijidirisha cha upana wa vidole viwili, akaweka sahihi yake taratibu mpaka herufi ya mwisho.

"Shika, bosi," alisema. "Na hapo usiweke kitu kingine juu yake."