Onyo Jekundu Kwenye Simu ya Mama

Baba alipofariki, video na sauti zake zilikuwa zimetapakaa kwenye simu za watu sita. Nilizikusanya moja moja. Nikaskani pia picha za zamani zilizokuwa nyumbani Gatuanyaga, nikaweka kila kitu kwenye seva ndogo, kompyuta ya kutunzia faili, niliyoifunga sebuleni kwangu Ruiru, kijisanduku cheusi kinachotoshea chini ya televisheni. Sikutaka baba yangu akae kwenye mashine za kampuni nisiyoijua. Nilitaka akae kwangu.

Jumapili moja niliita familia ije kuona. Walikuja mama, shangazi, na kaka yangu mkubwa anayeishi Thika. Kwa kuwa marehemu alikuwa mume wake, nikamwambia mama afungue wa kwanza. Niliunganisha simu yake na Wi-Fi yangu na kumwandikia anwani. Badala ya picha ya baba, ikatokea pembetatu nyekundu, na kwa sababu simu ya mama iko kwa Kiswahili, alisoma kila neno kwa sauti: muunganisho wako si wa faragha, huenda wavamizi wanajaribu kuiba maelezo yako.

Mama aliwahi kutapeliwa kwa simu. Baada ya hapo, kina mama wa kanisa lao walifundishwa kwamba wakiona onyo jekundu wafunge mara moja. Alifunga. Kisha akaiweka simu kwenye stuli, kifudifudi, akafuta mikono kwa leso.

Nilijaribu kueleza. Kila tovuti huwa na cheti cha kuonyesha kwamba ni yenyewe, na brauza, ile programu ya kufungulia tovuti, hukubali tu vyeti vilivyotolewa na watu inaowajua. Changu nilikuwa nimejitengenezea. Hakukuwa na mwizi yeyote. Data ilikuwa inatoka chini ya televisheni hadi mkononi mwake, na njiani ilikuwa imefichwa vizuri. Nikamwonyesha pa kubonyeza ili apite.

Kaka alinikatiza. "Unamfundisha mama kupita mahali ameambiwa kuna wezi?"

Maneno yale yalikuwa kweli, na ndiyo sababu yaliniuma. Lakini hakuishia hapo. Aliwaambia shangazi na mama kwamba nimemwanika baba barabarani, kwamba mambo ya familia si ya kuchezewa na mtu anayejifanya fundi. Shangazi akaitikia kwa kichwa. Walipokuwa wakiondoka, kaka alibeba katoni ya picha halisi, ile niliyoitoa Gatuanyaga, akaitia kwenye buti ya gari. Alisema itakuwa salama kwake.

Hasira niliyokuwa nayo wiki ile sijui niielezeje. Nilimkasirikia kaka, ambaye hakuwahi kuuliza picha hizo ziko wapi wakati mchwa walikuwa wanaelekea kuzila. Nilimkasirikia hata aliyeandika lile onyo, popote alipo, aliyeona ni sawa mashine isiyonijua iniite mvamizi mbele ya mama yangu. Kama brauza haikijui cheti changu, si iseme hivyo tu? Kwa nini itaje wizi?

Nikaanza kutafuta dawa. Kwanza nilijitengenezea mamlaka yangu ya kutoa vyeti na kukiweka cheti chake ndani ya simu ya mama alipopita kwangu. Pembetatu ikaondoka, lakini simu yenyewe ikaleta onyo jingine, kwamba huenda mtandao unafuatiliwa na mtu asiyejulikana. Mama alinipigia kuuliza huyo mtu ni nani. Nilikata simu nikapiga meza kwa kiganja mpaka kikavimba.

Mwishowe nikalipia jina la tovuti ambalo dunia nzima inalitambua, nikathibitisha kwamba ni langu, nikapata cheti kutoka kwa watoaji ambao brauza zote zinawakubali. Kilikuwa cha bure. Seva ni ileile, chini ya televisheni ileile, na usiri wa data njiani haukuongezeka hata kidogo. Ila sasa kulikuwa na mtu wa kunidhamini.

Mama alirudi Ruiru, akafungua. Hakuna onyo. Video ya kwanza ilikuwa ya baba akibishana na ng'ombe aliyegoma kutoka kwenye mahindi, akimwambia kwamba yeye ndiye aliyelipa kodi ya shamba hilo. Mama alicheka, akairudia tena na tena. Nilikaa kando yake.

Ndipo akampigia kaka. "Rudisha hizo picha za baba yako," alisema. "Wewe umezifungia tu. Huyu ananionyesha."

Kaka alizileta Jumamosi iliyofuata. Alisema alikuwa anazichunga tu, nisichukulie vibaya. Hakuomba msamaha. Nilipokea katoni mlangoni, nikaangalia kama kuna iliyopungua, nikarudi kukaa. Sikumwambia karibu chai. Mama ndiye aliyeinuka akaenda jikoni, na nikasikia akifungua bomba kujaza sufuria, huku kaka amesimama karibu na televisheni, hajui akae wapi, nami sikumsaidia.