Bahari ya Mezani na Ulimi wa Mpishi

Mpishi alipostaafu kazi ya kantini, wenzake walimpa zawadi ya jagi kubwa la maji na glasi zake. Alilipokea kwa mikono miwili, akalileta nyumbani, akaliweka juu ya kabati mahali pa kuonekana, na kesho yake akahamia jikoni moja kwa moja.

Mkewe ni fundi cherehani. Mashine yake iko sebuleni karibu na dirisha, na kwa miaka yote ya ndoa yao kila mmoja alikuwa na himaya yake, yeye nguo, mume sufuria. Nyumbani wanaitana kwa kazi zao, Fundi na Mpishi, hata wakikasirikiana. Wanawake wengine wangemshukuru Mungu kwa mume anayepika mchana na jioni bila kuombwa. Fundi naye angeshukuru, kama si chumvi.

Maana ulimi wa Mpishi ulikuwa na sifa zake. Kantini nzima ilijua kwamba hapimi kwa kijiko wala kikombe. Alichota, akapuliza, akaonja, akafumba macho, akasema, "Imekolea," na kweli ikawa imekolea. Fundi alimpendea hilo tangu ujana wao na haoni haya kulisema. Lakini ulimi nao huzeeka kama goti. Kwa muda sasa mchuzi wa Mpishi ulikuwa unakausha koo, na mwenyewe hana habari. Hakuna aliyeruhusiwa kuonja chungu chake. Hiyo ilikuwa sheria ya jiko lake tangu zamani.

Basi Fundi akajitafutia njia. Mume akienda kunawa, yeye hunyata jikoni, humimina maji kwenye sufuria, hutumbukiza kipande cha kiazi kinyonye chumvi, kisha hurudi kukaa mezani kama si yeye. Alikuwa amejiapiza kwamba Mpishi hatajua ulimi wake umemtupa mkono, angalau si kwa kinywa cha mkewe. Mtu akiishi na sifa moja maisha yake yote, ukimnyang'anya hiyo unambakishia nini?

Aliyewaletea bahari ndani ya nyumba ni mkwe wao, mume wa binti yao wa pekee, mtu mpole anayefanya kazi kwenye duka la samaki wa mapambo. Fundi ndiye aliyemwomba, chinichini.

"Mwanangu, mtafutie baba yako kitu cha kufanya. Jana kanipangia vitambaa vyangu kwa rangi. Sioni kitu."

Mkwe akaja na tangi la kioo, dogo kiasi cha kukaa juu ya meza ya pembeni bila kumsumbua mtu. Akatandaza mchanga mweupe, akapanga mawe yenye matundu matundu, akachomeka pampu ndogo, taa ya samawati na kipasha joto chembamba kama penseli. Maji ya chumvi aliyachanganya dukani, akayaleta kwenye dumu. Alieleza kwamba mawe yale yana vijidudu visivyoonekana, kazi yao kula uchafu, na lazima viachwe vizoee kwanza ndipo samaki aingie. Mpishi aliyasikiliza hayo kwa heshima zote. Tatizo lilianza kilipotolewa kipimo.

Kilikuwa kijisanduku cha plastiki chenye mshale ndani. Ukikijaza maji, mshale unapanda kwa kadiri ya chumvi, na ukisimama kwenye mstari wa kijani mambo ni sawa. Mpishi alikigeuzageuza kama mtu aliyepewa fimbo ya kutembelea ilhali miguu yake ni mizima.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimetia chumvi vyakula vya watu tangu hujazaliwa."

"Ni kweli, Baba."

"Basi hiki mpe asiyejua."

Kikatupwa kwenye droo ya vifungua chupa. Mpishi akachovya kidole kwenye tangi, akakilamba, akaenda kutema kwenye sinki, akatangaza kwamba ladha ya bahari ameshaikariri. Mkwe akatazama sakafu. Baba mkwe humwambii kwamba ulimi si kifaa.

Majuma yakapita wakitazama mawe.

"Mawe yako yameamkaje leo?" Fundi aliuliza kila asubuhi.

"Hayajambo, yanakusalimu."

Kisha akaja konokono mmoja wa kusafisha kioo. Baadaye kikaja kipande cha matumbawe kilichogandishwa kwa gundi juu ya jiwe, kimejaa viduara vya kijani vyenye rangi ya chungwa katikati. Taa ikiwaka vinafunguka, ikizimwa vinajifunga. "Hivi ni vifungo," alisema Fundi, na tangu hapo hakuna aliyeviita matumbawe tena. Mwisho akaingia samaki wa milia, saizi ya kidole gumba, ambaye siku ya kwanza tu alipita tundu moja baada ya jingine akichungulia. Mpishi akamwita Mkaguzi. Fundi aliyekuwa akidai hana muda na michezo ya wanaume akaisogeza cherehani yake ili awe anaviona vifungo akishona. Alivipenda, basi.

Sasa, maji ya tangi dogo hayakawii kupungua. Maji yenyewe yanapotelea hewani, chumvi inabaki pale pale. Ndiyo maana mkwe alisisitiza kwamba yakipungua yaongezwe maji matupu, yasiyo na chumvi hata chembe. Mpishi aliitikia vizuri tu. Kisha akaonja.

"Yamepooza haya," akasema, akaongeza maji ya chumvi aliyoikoroga kwa mkono wake mwenyewe.

Akafanya hivyo kila yalipopungua. Ukingo wa kioo ukaota ukoko mweupe. Vifungo vikajifunga na taa inawaka. Mkaguzi akaacha ukaguzi, akajibanza tunduni akihema harakaharaka. Mkwe alipopita kusalimia aliona mara moja.

"Baba, kile kipimo labda..."

"Kiko droo."

"Sawa, Baba."

Lakini Fundi alipomsindikiza mlangoni, mkwe alisema kwa sauti ya chini, "Mama, vikikaa hivi hadi mwisho wa wiki, vinakufa. Samaki naye hafiki mbali. Mimi siwezi kumwambia, nisamehe."

Fundi hakuhitaji maelezo zaidi. Mkono ule wa chumvi aliujua. Wazo lake la kwanza lilikuwa kiazi, na afadhali halikufika mbali. La pili lilikuwa maji. Mpishi alipoingia kuoga, alishusha lile jagi kutoka juu ya kabati, akalijaza, akamimina kwenye tangi kidogokidogo. Kesho yake vifungo vikafumbuka nusu. Moyo wake ukafurahi mno.

Mpishi naye akaonja, akakunja uso. "Kuna kitu humu kinanilia chumvi yangu." Akaongeza.

Basi ikawa kazi ni hiyo. Huyu anakoleza, yule anazimua, na hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kuchota. Bahari ikapanda hadi ukingoni. Siku moja Mpishi akatoka kuoga mapema, taulo begani, akamkuta mkewe amesimama mbele ya tangi na jagi mkononi, na maji yanatiririka mezani, yanashuka kwenye gauni jeupe la mteja lililokuwa kitini.

"Kumbe," alisema Mpishi taratibu. "Nilidhani yanazaana."

Hapo Fundi angeweza kudanganya. Alikuwa na uzoefu. Lakini aliviangalia vifungo vyake, vimejifunga vyote tena, akaona hana ujanja wa kuviokoa na kumficha mume kwa wakati mmoja. Akaenda kwenye droo, akatoa kipimo, akakijaza. Mshale ukapita kijani, ukapita nyekundu, ukagota juu kabisa.

"Kimeharibika," alisema Mpishi.

"Hakijaharibika."

 Mpishi akauliza swali ambalo Fundi alikuwa akilikimbia siku zote.

"Na mchuzi?"

"Mchuzi nao."

"Tangu lini?"

"Kabla hujastaafu, Mpishi."

Akaketi juu ya gauni lililolowa bila kulihisi. Ilimchoma ndani, na Fundi aliona ilivyomuuma, akatamani maneno yale yarudi kinywani. Macho ya Mpishi yakatua kwenye jagi.

"Kumbe ndiyo maana walinipa hili."

Fundi alijitahidi kuzuia kicheko kikamshinda. Mpishi akamfuata, akacheka mpaka akafuta macho kwa taulo, na akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha.

Mkwe aliwaelekeza kwa simu. Wachote maji kidogo, waweke matupu kidogo, wapumzike, wasiwashtue viumbe. Mpishi alivaa miwani na kusoma mshale mwenyewe, na kipimo kikapata makao kando ya tangi. Mshale ukarudi kijani. Vifungo vikafunguka, isipokuwa vichache vya pembeni ambavyo havikufunguka tena. Mkaguzi akarudi kazini.

Jikoni ndiko kulikonyamaza. Mpishi aliacha kupika. Alikula alichowekewa, akashukuru, akaenda kukaa na samaki wake. Fundi, aliyewahi kuomba kimoyomoyo aachiwe jiko, alilipata na hakulifurahia hata kidogo.

Mchana mmoja akasikia anaitwa.

"Fundi, njoo mara moja."

Alimkuta mbele ya sufuria. Mpishi akachota mchuzi, akapuliza, akakinga kiganja chini ya kijiko, akamnyooshea mkewe.

"Onja."

Katika ndoa yao yote neno hilo halijawahi kutoka jikoni mle. Fundi alionja. Haukuwa na chumvi hata chembe, Mpishi aliogopa kutia. Uongo ulimjia mdomoni wenyewe, kwa mazoea, akaumeza pamoja na mchuzi.

"Umepooza, Mpishi. Hauna chumvi."

Mpishi akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akafungua kopo la chumvi, akalisogeza upande wa mkewe, akasogea kumpisha mbele ya jiko.

"Tia wewe," alisema. "Ikikolea, niambie."