Nati Mbili Kwenye Kitambaa Chekundu

"Ukigusa spana hiyo leo, Baba Rukmi, mwaka mzima tutakula mawe!"

"Afadhali mawe kuliko matanga. Nipishe!"

"Sikupishi. Vyuma vinalala mara moja tu kwa mwaka. Nimeviosha, nimevivika maua, halafu wewe unakuja kuviamsha kwa teke kama punda wa dobi?"

Dileram alisimama mlangoni mwa karakana yake. Mbele ya mkewe Shukri kilitandazwa kitambaa chekundu, na juu yake nyundo, koleo, tindo na spana zote, kila kimoja kimefungwa uzi mwekundu. Ilikuwa siku ya pili ya Diwali, sikukuu ya taa, siku ya vifaa kupumzishwa na kuombewa, na katika bonde zima hapakuwa na fundi aliyekaza hata msumari.

Mwisho wa safu zilikaa nati mbili. Nazo Shukri alizivika ua, maskini, akidhani ni za akiba.

Nati hizo mahali pake ni chini ya shokapu ya mbele, mguu wa kushoto, zikishika ekseli ya gurudumu. Na pikipiki yenyewe, ile kuukuu aliyoiacha marehemu baba yake Dileram, iliondoka alfajiri na Khemu, mtoto wa dada yake. Alikuwa anavuka mlima kwenda kumwona mkewe aliyejifungua ng'ambo, kabla theluji haijaziba njia.

Miaka arobaini Dileram alizifungua shokapu za bonde lote. Watu walisema akitega sikio kwenye mguu wa pikipiki, husikia chembe za mchanga zikigombana ndani. Walisema pikipiki iliyotoka mikononi mwake iliruka shimo la ukubwa wa kaburi na chai ya abiria isimwagike. Asiyeamini akamuulize mbuzi aliyepakiwa nyuma.

Ambalo hawakulisema, kwa kuwa hakuna aliyelijua, ni kwamba mwaka wa pili huu macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Jana alibadilisha sili, zile pete za mpira za shokapu, kwa kupapasa. Akamwaga mafuta meusi yanayonuka kama bwawa bovu, akatia mapya, akaukandamiza usukani: pua ya pikipiki ikainama, ikainuka taratibu, kama kondoo anayekunywa maji. Akafurahi. Shukri naye alikuwa anamhimiza, leta vifaa nivioshe, jua linazama. Basi akazipapasa nati za ekseli, vidole vikahesabu nne. Kumbe vilihesabu mbili za mguu wa kulia mara mbili. Alijua leo tu, Shukri alipomuuliza zile nati za akiba aziweke wapi, na sasa akamweleza yote.

"Kwa hiyo huoni," Shukri alisema polepole. "Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuwa mzuri tena."

Shukri hakucheka. Huko juu wingu lilikuwa limekalia kilele tangu asubuhi, tumbo lake jeusi, na kunguru walikuwa wanashuka makundi kwa makundi bila kulia. Simu ya Khemu haikupatikana mara ya tisa.

"Jirani ananingoja na gari," Dileram alisema. "Khemu lazima atasimama kunywa chai kabla ya zile kona kali za mlimani. Nitamkuta. Lakini nati haikazwi kwa kucha, Mama Rukmi."

"Gokal, yule seremala, aliamsha msumeno siku kama hii. Ukamla kidole."

"Gokal alikuwa amelewa!"

"Msumeno haukuwa umelewa."

 Shukri akainama, akaokota spana, akaukata uzi mwekundu kwa meno.

"Dhambi iwe yangu," akasema. "Shika. Na nati hizi. Lakini dada yako tutamwambia nini? Tutamwambia macho yako..."

Pazia likasogea. Akaingia Bhagti, mama yake Khemu, na sahani ya halua ya moto.

"Kaka! Wifi! Kuleni, nimekuwa bibi! Khemu kaniambia, mama, kwa shokapu alizozitengeneza mjomba, nakwenda kama nimebebwa mgongoni." Akaangalia kitambaa, kisha mkono wa Shukri. "He! Mbona hiyo spana mmeiamsha?"