Honi Iliyogoma Kupanda Mlima

Ni mimi niliyechomoa waya wa honi ya baba. Nimekana zaidi ya miaka ishirini, mara mbili kwa kiapo, na ningeendelea kukana kama honi ya gari langu mwenyewe isingenyamaza juzi, nikabaki kuwapungia watu mkono dirishani kama mgombea ubunge.

Tulikaa Buyenzi, miaka ya vita. Mtaa ulinuka ndagala, dagaa wa ziwani, za kukaanga na mafuta machafu ya injini, na nyundo za mafundi ziliamka kabla yetu. Baba alikuwa na kamioneti ya kubebea viazi kutoka milimani. Kwenye barabara hiyo ya Bugarama alipiga honi kila kona, lori linaloshuka lijue yupo. Bila honi hapandi, alisema, hata aitwe na waziri. Siku hizo za kuviziwa njiani, waliopanda si wote walioshuka. Nilipomsikia akimwambia bibi kwamba kesho anapanda, na bibi akaichukua tasbihi yake, nilitoka nje, nikaingiza mkono nyuma ya grili, nikavuta.

Asubuhi akaitwa fundi, jirani yetu. Akabonyeza: kimya. Akatazama fyuzi: nzima. Akainama kwenye honi, akakawia huko, kisha akavitazama vidole vyangu, vyeusi kwa mafuta ya gari.

"Imekufa hii, muzee."

Niliamini nimeiua.

"Ingine utanipatia lini?" baba akauliza.

"Ngoja nitafute. Honi si nyanya, useme iko kila soko."

Alitafuta siku nne. Aliyoileta ililia kama bata mwenye mafua. Wenzake baba walikuwa wamekwenda na kurudi salama, na viazi vizuri ajabu. Baba alivitaja viazi hivyo hadi nilipoolewa, akinikazia macho: "Nani aligusa gari yangu?" Si mimi, baba.

Baba alifariki akiwa mzee, kitandani kwake. Kamioneti ilikwisha kuwa vyuma chakavu. Mimi nina shahada mbili na sijui fyuzi inakaa wapi, kwa hiyo juzi nikampigia fundi yuleyule.

"Fyuzi kwanza," akasema. "Kisha waya. Lakini mbele ya yote: iko mutoto ku nyumba?"

Nikakohoa. Nikakiri.

"Eh! Mi nilijua siku ileile. Honi yenu ilikuwa muzima, nikaifunga ku gari yangu."

"Na ukamficha baba?"

"Kumuficha? We! Aliona ile waya imechomoka asubuhi, mbele mi nifike. Ile mulima, naye ilimutisha. Akaniambia ku sikio: 'Tafuta honi, lakini usiipate mbio.'"