Ndege wa Juu ya Mlango wa Kanisa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila Jumapili nikiwa peke yangu mezani na kikombe kimoja cha chai. Ni siku tuliyofunua nembo ya askofu juu ya mlango wa kanisa letu hapa Dandora, jirani na jaa kuu la taka la jiji, watu wakacheka mpaka wengine wakalia. Juzi nyinyi vijana wa parokia mliniomba niwaandikie maana ya alama za nembo ile. Nitawaandikia. Lakini siwezi kuzieleza bila kumtaja Boniface, na jina hilo sijalitamka mbele ya watu kwa miaka mingi.

Mimi na Boniface tulikuwa wachoraji wa mabango. Enzi hizo, ng'ombe wengi waliotabasamu juu ya milango ya bucha za Soko la Burma walikuwa wetu. Yeye alichora, mimi niliandika herufi na kujaza rangi. Hakuwa amesoma kupita darasa la pili. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na sikumwacha mtu asahau jambo hilo. Aliniita Profesa. Wakati huo alikuwa mwaka wa pili katika mafundisho ya ubatizo, akingoja siku askofu angekuja kubariki kanisa jipya la mawe. Siku hiyo angebatizwa, na ndoa yake na Rosa ingebarikiwa. Rosa alikuwa amekwisha kushona gauni.

Katekista wetu, Mzee Anselmo, alinikabidhi barua ya askofu iliyokuwa na nembo ndogo kama ukucha wa kidole gumba, imefifia. Akanieleza polepole. Juu ya ngao kuna kofia pana ya kijani, na kamba zinazoning'inia pande zote mbili, kila upande vishada sita vya nyuzi. Kwa hivyo hata asiyejua kusoma huhesabu vishada akajua kuwa huyu ni askofu. Vikiwa kumi kila upande, ni askofu mkuu; kofia ikiwa nyekundu na vishada kumi na vitano, ni kardinali. Msalaba husimama nyuma ya ngao, kwa sababu cheo chochote bila msalaba hakina mgongo. Utepe wa chini hubeba neno ambalo askofu amechagua kuishi nalo. Na ndani ya ngao alikuwamo mwari, ndege anayejitoboa kifua kwa mdomo wake ili makinda wanywe damu yake wapone.

"Huyo ni Kristo," Mzee Anselmo alisema. "Watu wa kale waliamini mwari hufanya hivyo. Hata kama hafanyi, Bwana alifanya. Sasa nenda ofisini kwa padri, kuna picha kubwa ukutani. Itazame vizuri kabla hamjachora."

Sikwenda. Niliona aibu kupanga foleni pamoja na watu wanaotafuta vyeti vya ubatizo, eti nikaonyeshwe ndege. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, lakini mimi nilidhani methali hiyo ilitungiwa wengine.

Kesho yake Boniface alikuwa juu ya ngazi, chaki mkononi.

"Profesa, huyu ndege yukoje?"

"Mkubwa. Mdomo mrefu. Ana mfuko hapa chini."

"Kama hawa wetu wa jaa?"

Niliwatazama wale korongo waliokuwa wakizunguka juu ya jaa la taka, vipara vyao na mifuko yao ya shingoni. Kusema kweli sikujua.

"Hao hao," nikajibu. "Chora."

Naye akachora. Mwanangu, mkono wa mtu yule! Kila unyoya ulikuwa mahali pake, kipara chenye madoa, shingo iliyochunika. Jumapili iliyotangulia ujio wa askofu tukashusha gunia lililofunika ukuta, na waumini wote wakainua macho.

"Wee! Si huyu ni wa hapo kwa jaa?" kijana mmoja alipaza sauti. "Jana nimemwona akimeza soli ya kiatu!"

"Ameshiba, amekuja Misa," mwenzake akamjibu.

Kicheko kikaenea. Lakini Mama Perpetua, kiongozi wa jumuiya yetu, hakucheka. Alikuwa amebeba mawe ya kanisa lile kichwani mwake. "Jiji zima hutuletea taka zake," alisema, machozi yakimtoka. "Sasa hata juu ya mlango wa Mungu?"

Mwenyekiti wa kamati ya parokia akatusogelea. "Nani amechora ndege huyu?"

"Ni Boniface," nikasema.

Halikuwa neno la uongo, mwanangu. Ndiyo maana lilinitoka kwa urahisi.

Boniface alinigeukia. Nilingoja aseme yaliyopita pale kwenye ngazi. Alipangusa mikono kwenye suruali yake, akamtazama Rosa, kisha akamtazama mwenyekiti. "Mkono ni wangu," akasema. "Nisameheni."

Kamati ilikaa papo hapo. Walisema kwamba anayeifanyia mzaha alama ya Kristo hajawa tayari kuipokea. Aanze mafundisho upya. Na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, mimi ndiye niliyepewa kalamu nikapiga mstari juu ya jina lake katika orodha ya wabatizwa. Mstari ulinyooka.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa padri. Mwari alikuwa mweupe, shingo ameikunja kwa upole, tone la damu kifuani. Nilimchora upya peke yangu, sikupata hata wa kunishikia ngazi. Askofu alipokuja alisimama chini ya mlango, akaniwekea mkono begani, akasema nimefanya kazi njema. Watu walipiga makofi. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa katikati ya makofi yale.

Mzee Anselmo alinivuta kando baada ya Misa. "Picha ya ofisini uliitazama lini?"

"Jumatatu, Mzee."

"Basi wewe ulijua maana ya mwari, na mwenzako hakujua hata sura yake. Lakini kati yenu wawili, ni yeye aliyejitoboa kifua. Nenda kwake leo, kisha uje kwa kamati. Mimi sitakusemea, ungamo la mtu halisemwi na mwingine."

"Nitakwenda, Mzee."

Nilisema Jumapili ijayo. Kisha nikasema baada ya Pasaka. Boniface aliacha rangi akapata kibarua kiwandani Baba Dogo, ng'ambo tu ya mto, mahali pa kutembea kwa miguu. Mzee Anselmo akafa akiningoja. Nilioa, nikalea, nikazika mke. Nilipofika Baba Dogo hatimaye, kichwa changu kilikuwa cheupe.

"Boni wa Rosa?" mwenye duka mmoja aliniuliza. "Walihama zamani, mzee. Hatukujua walikoelekea. Alikuwa mtu mpole sana. Wewe ni ndugu yake?"

Nilinunua mkate ambao sikuuhitaji, nikarudi nyumbani. Mpaka leo sijui kama Boniface alibatizwa.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu wananitembelea zaidi ya wajukuu wa damu.

Mwanangu, alama hizo nimekueleza, zishike. Lakini usidhani kuijua maana ya kitu kitakatifu ndiko kukiishi. Ukiwa hujui, sema hujui, hata mbele ya wanaokuita profesa. Ukiulizwa nani kakosa, usitoe nusu ya kweli ukaificha nusu yako. Nusu hiyo utakula nayo na kulala nayo. Na ukimkosea mtu, mwendee leo, maadamu unajua mlango wake. Kesho mlango utabaki, na mtu atakuwa hayupo.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na miguu isiyoahirisha safari. Akupe rafiki, na akupe ujasiri wa kusimama kando yake watu wanapouliza. Na kama Boniface yu hai mahali fulani, baraka hii imfikie yeye kwanza.