Nani Alinyanyuka Kwenye Kigoda

Tofali lilitua kwenye mkono wangu wa kushoto, mkono wa kubana nyuzi. Mara ya kwanza likavunja vidole, mara ya pili likavisaga. Aliyelishika alikuwa muuza mikanda, mtu ambaye sijawahi hata kumwuliza bei. Mwingine alinikanyaga shingoni, mdomo wangu uko ndani ya maji ya mtaro, na nyuma ya ile miguu nikasikia sauti ya mtu mwenye furaha kabisa: "Leteni tairi! Tairi lipo kwa fundi pale!"

Nilikuwa na neno moja, nalo lilikuwa la kweli.

"Narudisha, jamani! Narudisha dukani!"

Akanipiga mtu teke la meno. "Wote huwa mnarudisha mkishikwa!" Wakacheka. Nakumbuka kicheko kile kuliko teke.

Nirudi nyuma kidogo, maana wapo wanaosimulia habari hii kama vile nililewa nikaanguka.

Nilikuwa napiga solo kwenye bendi ya dansi hapa mjini. Shule niliiacha darasa la nne, cheti changu kilikuwa gitaa. Amplifaya yetu ilikuwa ya kizamani, ya taa zile za kioo, ikafa jukwaani. Siku hizo ruksa ya biashara huria ilikuwa imeshakolea, bandarini vinashuka vitu usiku na mchana, na Kariakoo kila ukuta umetobolewa ukawa duka. Mwenye bendi, ambaye alimiliki vyombo vyote mpaka nyuzi za gitaa langu, akasema twende tukachague. Nikavaa shati langu la jukwaani, la mtumba wa Mchikichini, nikajiona mtu.

Kwenye duka la vyombo nikaiona mashine ya kidijitali. Bapa kama sinia, ina vitufe vya kukanyaga kwa mguu. Kitufe hiki gitaa linalia kama amplifaya kongwe iliyochemka, kile linalia safi kama kengele. Amplifaya za dunia nzima zimo ndani ya sinia moja! Mwenye duka akaichomeka kwenye amplifaya ya gitaa. Nikapiga. Sauti ikatoka kama mtu anayeongea na tonge mdomoni.

"Mdoli huu," akasema mwenye bendi. Akanyoosha kidole kwenye amplifaya kubwa yenye taa nyekundu. "Nataka lile. Likipanda jukwaani watu wanajua bendi imefika."

"Bosi, watu wanakuja na masikio."

"Na wewe siku hizi unapiga kwa mdomo?"

Mwenye duka akacheka mpaka akashika tumbo.

Lakini mimi nilishaelewa kosa liko wapi. Ile mashine inaigiza amplifaya pamoja na spika yake. Ukiichomeka kwenye amplifaya nyingine ya gitaa, umeweka spika juu ya spika, lazima ikoroge. Inataka spika ya ukumbi, ile isiyoongeza wala kupunguza kitu. Na spika za namna hiyo zilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa mama mmoja wa Kihindi.

"Kajaribu kwake," mwenye duka akasema. Akapigapiga kigoda. "Bosi wako anakaa hapa."

Mtu wa Kariakoo haambiwi maana yake. Kitu kinatoka dukani bila risiti, bila mfuko, mradi mwenzako amekaa kwenye kigoda. Yeye ndiye dhamana. Akikaa, wewe ni mteja. Akinyanyuka, wewe ni mwizi. Mwenye bendi alijua hivyo kuliko mimi. Akakaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinipasulie spika tu."

Nikachomeka, nikagusa nyuzi. Jamani! Kila uzi ulisimama peke yake. Wabeba mizigo wakasimama na magunia kichwani. Yule mama akaacha kuhesabu waya zake. "Sasa hii ndiyo gitaa," akasema. "Kwa nini kwenye harusi ya jirani yangu mlikuwa mnakoroma?"

Nikacheka. Nikachomoa, nikaibeba mashine kifuani, nikavuka kwenda kumwambia bosi: ndiyo hii, na spika ndizo zile. Sijapata kupiga vizuri vile tena. Sijapata kupiga tena kabisa.

Yaliyotokea kule duka la vyombo alinieleza baadaye yule mama wa spika, aliyaona toka mlangoni kwake akadhani ni ya kawaida. Mwenye bendi alibishana na mwenye duka juu ya lile dude la taa nyekundu. Akasusa. Akanyanyuka kwenye kigoda, akaenda zake kunywa supu, wala hakugeuka kutazama niliko. Mwenye duka alipoona kigoda kitupu akamwita mpiga debe wake: "Kamfuate yule, kitu changu kimekwenda." Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nenda! Na mpiga debe hakunifuata, alipiga kelele tu. Mwizi! Basi. Hapa mjini neno hilo halina haja ya shahidi.

Mwizi gani anakimbilia duka aliloliibia?

Nikiwa chini niliviona viatu vyeupe. Navijua, nilivisafisha mara nyingi kabla ya onyesho. Nikainua jicho lililobaki wazi. Mwenye bendi, kijiti cha meno mdomoni.

"Bosi, waambie."

Akanitazama. Akahamisha kijiti upande wa pili wa mdomo. Akatazama pembeni.

Aliyeniokoa ni yule mama. Alikuja na waya mzito wa spika, akiwachapa migongoni: "Ametoka kwangu! Tokeni! Mnaua mtu wa watu!" Tairi lilikuwa limeshafika, limelazwa karibu na kichwa changu. Akalikalia, mama mzima na sari yake, akagoma kunyanyuka. Yule alikaa.

Vidole viwili vimeganda, kimoja hakipo. Mwenye bendi alilinunua lile dude la taa nyekundu na solo mwingine akashika nafasi yangu. Sasa bosi huyo anaitwa redioni kueleza muziki wa zamani, na juzi nimemsikia kwa masikio yangu akisema mimi niliharibiwa na pombe.

Muuza mikanda simtafuti, alidanganywa. Mpiga debe ameshakufa. Mwenye duka ana ghorofa pale pale, na siku yake naye itafika. Wewe mwenye bendi nakutaka sasa. Njoo Kariakoo mchana, soko limejaa. Kigoda nitakileta mimi. Ukae mbele ya watu, useme kwa mdomo wako: siku ile nani alikuwa dhamana yangu, na kwa nini alinyamaza?

Usinyanyuke kabla hujajibu.